Mtoto Hahesabu Kilomita

*Bibi,*

*Mimi ni mwalimu wa sekondari, msichana wa miaka 28, naishi Tabata, Dar es Salaam. Tuko marafiki wanne tangu chuoni. Mwaka jana mtoto wa mwenzetu mmoja alifanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na ameshapona, anacheza na wenzake. Tulipokuwa tukimtembelea wodini tulikutana na wazazi ambao bado walikuwa wanahangaika kutafuta fedha za watoto wao. Tukaahidiana kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon na kuchangisha kwa ajili ya watoto hao. Mpaka leo tumepata shilingi 6,850,000, mbali na ahadi. Mkuu wangu wa shule ameahidi shilingi 10,000 kwa kila kilomita nitakayomaliza.*

*Tatizo ni mguu. Hii ni wiki ya nne ugoko wa kulia unaniuma, sehemu ile ile moja. Mwanzoni uliuma nikikimbia tu, siku hizi unaniamsha usiku. Nameza dawa za maumivu ndipo nitoke kwenda mazoezini alfajiri. Zimebaki wiki sita. Nilipowaambia wenzangu nataka kupumzika, mmoja akanijibu kwamba John Stephen Akhwari hakupumzika. Mwingine akasema nikijitoa nitakuwa nimewaibia watoto.*

*Na kuna la pili. Rafiki yetu anayetunza fedha amelipia gesti ya Moshi, nauli na jezi kwa fedha za michango, jumla shilingi 900,000. Wakati wa kuchangisha tulitangaza kwamba kila shilingi inakwenda kwa watoto. Yeye ndiye wa karibu yangu kuliko wote, na naogopa hata kumuuliza. Nifanye nini?*

*N.K., Tabata*

Mwanangu N.K., pole kwa mguu, na pole zaidi kwa usiku unaokesha ukiwaza. Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni kwa sababu ya neno moja ulilotupiwa, kwamba ukijitoa utakuwa umewaibia watoto. Neno hilo ni zito na halikustahili kuwekwa begani kwako. Tuanze kwa kulitua.

Ahadi zako ni mbili

Mlipotoka pale wodini mliahidi mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza mlimwahidi mtoto mgonjwa: tutakuletea fedha. La pili mliahidiana ninyi kwa ninyi: tutakimbia pamoja. Kwa kuwa mliyasema siku moja, umeyafunga kamba moja kama mbuzi wawili, na sasa mmoja akichechemea unadhani wote wawili wamekufa.

Yafungue. Mtoto aliyelala akisubiri upasuaji wa moyo hahesabu kilomita. Hajui mlima wa Mweka kwenye njia ya mbio zenu uko wapi, wala hatauliza kama ulimaliza kwa saa nne au saa sita. Anachohitaji ni ile fedha ifike ilikoahidiwa, ikiwa kamili. Ahadi yake hailipwi kwa miguu yako. Inalipwa kwa uaminifu wako, na huo haujavunjika mfupa.

Nikupe mfano wa mtu aliyesimama katikati ya njia. Alikuwa kijana wa Canada, Terry Fox. Alikatwa mguu wa kulia akiwa na miaka 18 kwa sababu ya saratani ya mfupa. Aprili 1980 akaanza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, kutoka bahari hadi bahari, karibu kilomita 42 kila siku, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, akapita kilomita 5,373. Tarehe 1 Septemba, karibu na mji wa Thunder Bay, kifua kilimbana mno, akaenda hospitali. Saratani ilikuwa imeshaingia mapafuni. Bahari ya pili hakuiona kwa njia ile.

Je, fedha zilirudi kwa wenyewe kwa sababu hakumaliza? Zilikuja kwa wingi kuliko wakati wowote alipokuwa barabarani. Kufikia Februari 1981 michango ilivuka dola milioni 24 za Canada, yaani kiasi cha dola moja kwa kila mtu wa nchi ile. Kijana huyo alifariki Juni mwaka huo, akiwa na miaka 22, na mpaka leo watu hukimbia kila mwaka kwa jina lake. Waliochanga hawakuwa wananunua kilomita. Walikuwa wameguswa na jambo, na jambo lile halikusimama aliposimama yeye.

Mguu wako unasema nini

Mimi si daktari. Daktari ndiye unayetakiwa kumwona wiki hii, mwezi ujao ni mbali. Ila nimeishi na wakimbiaji nyumbani mwangu, na dalili ulizoziandika nazifahamu kiasi cha kuogopa.

Maumivu ya misuli huenea, na mara nyingi hupungua mwili ukipata moto. Maumivu yanayokaa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanayozidi wiki hadi wiki, kisha yanaanza kukufuata kitandani, hayo huwafanya madaktari wautazame mfupa wenyewe. Mfupa unapozidishiwa kazi, mwili huubomoa kidogo kwanza ndipo uujenge upya kwa nguvu zaidi. Ujenzi huo unataka muda. Pumzi yako ilizoea mbio ndani ya wiki chache, moyo wako ukazoea, ukajiona una nguvu ukaongeza kilomita. Mfupa ulikuwa bado uko nyuma, fundi hajamaliza ukuta wa chini na wewe umeshapandisha ghorofa. Hapo ndipo ufa mdogo huanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ugoko ukizibwa mapema kwa mapumziko, mara nyingi huchukua wiki sita hadi nane kupona. Ukiukimbilia unaweza kuvunjika kabisa, na hapo utahesabu miezi, magongo, pengine na vyuma. Na hili lishike: picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Ukiambiwa picha ni safi na bado unaamshwa na maumivu, mwambie daktari hivyo hivyo, usirudi barabarani kwa furaha ya picha.

Dawa unazomeza kabla ya mazoezi acha leo. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Wewe umemfunga mlinzi mdomo, kisha ukaacha mlango wazi. Nyingi ya dawa hizo pia huumiza tumbo, na mtu akizimeza huku akitoka jasho saa kadhaa juani, huzitesa figo zake.

Nikuulize pia kama mama. Unakula vya kutosha? Siku zako za mwezi zinakuja kama kawaida? Wasichana wengi wakianza mazoezi makali hupunguza chakula ili wawe wepesi, hedhi ikakatika, wakaona ni nafuu. Si nafuu hata kidogo. Ni mwili unabana matumizi, na mifupa huwa miongoni mwa vinavyonyimwa. Likikuhusu, usione haya kumwambia daktari. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kuhusu Mzee Akhwari

Rafiki yako amelitaja jina kubwa, na jina kubwa likitajwa vibaya huumiza watu. Tulikumbuke sawasawa.

John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikuwa Mexico kwenye marathoni ya Olimpiki tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Aliumia goti ndani ya mbio, baada ya kuanguka. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza, na yeye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani giza likiwa limeshaingia, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tanzania nzima inaliheshimu tendo lile, nami naliheshimu.

Lakini tazama vizuri, mwanangu. Akhwari hakuondoka nyumbani akiwa na mfupa unaomwamsha usiku. Aliondoka mzima, amejiandaa miaka, ajali ikamkuta njiani. Wewe unataka kuanza safari na ajali ikiwa tayari mkononi. Na simulizi yake haikuishia pale. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikimbia marathoni akawa wa tano. Alirudi kwa sababu mguu wake ulipona. Anayemtaja Akhwari amtaje mpaka mwisho.

Njia tatu, na zinakoishia

*Njia ya kwanza: kukimbia hivyo hivyo.* Kilomita 42 za Moshi, mbio zinazofanyika tangu 2003, zina hila yake. Sehemu ya mwanzo hukupeleka barabara ya Dar es Salaam, unajiona umeiweza. Kisha hurudi mjini, na ndipo mlima wa kwenda Mweka unapokungoja, jua nalo limeshapanda. Ukifika juu utafurahi kwamba sasa unashuka. Kumbe mtelemko ndio unaougonga ugoko kwa nguvu kuliko mlima. Kama kuna ufa, pale ndipo penye hatari. Ukianguka, wenzako watatu wataacha mbio zao kukuhudumia, na fedha ya kwanza kutumika itakuwa ya kukutibu wewe. Mwaka mzima watu watasimulia mguu wako. Watoto watasahauliwa.

*Njia ya pili: kujitoa kimyakimya.* Unazima simu, unasingizia kazi, siku ya safari hauonekani. Njia hii haivunji mfupa ila inavunja mengine. Waliokuchangia watajua kwa watu kwamba hukukimbia. Wataanza kujiuliza fedha zao ziko wapi hata kama ziko salama, maana kimya kina tabia ya kujazwa maneno na kila apitaye.

*Njia ya tatu: kusema wazi, kisha kubaki.* Unaacha kukimbia lakini huachi kazi. Ukishapata majibu ya daktari, unawaandikia waliochanga wote, mmoja mmoja, maneno machache ya kweli: nimeumia, sitakimbia, michango yako iko palepale na itapelekwa kwa watoto tarehe fulani. Kwa mkuu wako wa shule usitume ujumbe. Ingia ofisini kwake, mweleze. Mwambie, "Mkuu, uliahidi kwa kilomita, nami sitafika hata moja. Ukiona vema kutoa kwa ajili ya mtoto, nitashukuru. Ukiona sivyo, ahadi yako nimeifungua." Mpe uhuru wa kweli, usimbane kwa aibu. Nimeona watu wengi wakiachiwa hivyo, na wengi hutoa. Asiyetoa hana deni nawe.

Mimi naishauri njia hii ya tatu, na hapa sitakuwa laini: mwaka huu huendi kukimbia. Labda daktari akupime aseme huna kitu, na akuruhusu kwa kinywa chake. Kinywa cha rafiki, hata mpendwa, si ruhusa.

Zile laki tisa

Umeliandika jambo hili mwisho, na nadhani ndilo linalokuumiza zaidi ya mguu.

Simwiti rafiki yako mwizi, nawe usimwite. Naona mtu aliyeona tarehe inakaribia, gesti za Moshi zinajaa, wenzake hawajatoa chochote, akachukua fedha iliyokuwa karibu. Hata ninyi watatu mlipanga safari bila kuulizana nani analipa. Mlimwachia mmoja mkoba na maswali yake yote. Kosa hilo lina wenyewe wanne.

Lakini kosa ni kosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya mtaa ya kukarabati zahanati yetu. Mhazini wetu alikuwa mtu mwema kweli. Alikuwa akitoa hapa cha nauli, pale cha chai ya mafundi, vyote kwa nia njema, bila kuandika. Siku ya hesabu kulikuwa na pengo ambalo hata yeye hakuweza kulieleza. Hakuna aliyethibitisha kwamba amekula, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba hakula. Zahanati ilikwisha, lakini yule bwana alihama mtaa, na kwa muda mrefu mtu akija na daftari la michango mtaani kwetu alifungiwa mlango. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina jema hupotea nayo.

Gharama zenyewe si dhambi. Kule London, ambako marathoni yao ilianza 1981, mashirika ya hisani hununua nafasi za wakimbiaji, na mkimbiaji anayepewa nafasi huahidi kuchangisha kiasi fulani. Gharama ipo, na inajulikana kabla ya mchango wa kwanza. Mngesema tangu mwanzo, "Katika kila elfu kumi, elfu moja ni ya safari," nisingekuwa na neno. Ninyi mlisema kila shilingi. Yule kijana Terry Fox alikataa hata kuvaa matangazo ya biashara, kwa sababu hakutaka mtu adhani anakimbia kwa faida. Alijua kwamba mtu anayeomba kwa jina la mgonjwa anatembea na heshima isiyokuwa yake.

Na tuseme ukweli, watu wetu wanachangishwa mno. Wiki hii harusi, wiki ijayo msiba, keshokutwa ada ya mtoto wa jirani. Mama ntilie aliyewatumia elfu tano kwa simu ameitoa kwenye faida ya siku nzima, akiamini inakwenda kwenye moyo wa mtoto. Akisikia imelala gesti Moshi, hatakukasirikia wewe peke yako. Atamnyima mwingine atakayekuja kesho, na huyo wa kesho huenda mtoto wake anahitaji upasuaji kuliko wote mliowaona.

Utakavyomwambia

Usilipeleke jambo hili kwenye kundi la simu. Nenda kwake, au mwalike kwako, mle pamoja. Anza na lililo lako: "Tulikosea kukuachia mzigo peke yako." Kisha sema bila kuzunguka: "Zile laki tisa inabidi zirudi kabla ya mbio. Tuko wanne, kila mmoja ni 225,000. Yangu hii hapa." Uende nayo mkononi, au angalau sehemu yake. Mtu akiona umekuja na fedha yako kabla ya lawama, mlango wake hufunguka. Na usiache kulipa sehemu yako kwa kuwa hutakimbia. Gesti uliipanga nao.

Akikasirika siku ya kwanza, muache alale. Siku ya pili rudi. Akikataa kabisa, waite wale wawili mkae wote wanne, mezani kukiwa na daftari: nani alitoa, kiasi gani, lini, na kimetoka nini. Likishindikana hapo, utalazimika kuwaeleza waliochanga ukweli, kwa upole na bila kumdhalilisha mtu. Siombei mfike huko. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya hasira ya rafiki na haki ya mtoto mgonjwa, rafiki anaweza kusubiri kupoa. Mtoto huenda hawezi kusubiri.

Fedha zikishatimia 6,850,000, msizikalishe mpaka siku ya mbio ili mpate picha nzuri. Zipelekeni kabla. Ulizeni hospitali utaratibu wao rasmi wa kupokea, lipeni kwa njia hiyo, na si kwa simu ya mtu binafsi hata kama anafanya kazi palepale. Chukueni stakabadhi, muitume kwa kila aliyechanga, tangu mkuu wa shule hadi yule mama ntilie. Zitakazoingia baadaye zipelekwe vivyo hivyo.

Nafasi yako siku ile

Safari ya Moshi usiikose. Nenda na wenzako. Usisubiri pale uwanja wa Ushirika zinapomalizikia, hapo patakuwa na umati na muziki, hawatakuhitaji. Tafuta mtu akupeleke juu, barabara ya Mweka, mahali ambapo watu huacha kuongea na kuanza kuhesabu hatua. Keti kwenye kigoda, mguu wako umepumzika, uwe na maji na machungwa yaliyokatwa. Wape wanywe kwa kadiri ya kiu yao tu, usiwalazimishe, maana maji yakizidi mno huzimua chumvi ya damu na kumwangusha mkimbiaji kama ukosefu wa maji unavyomwangusha.

Yule aliyekuambia habari za Akhwari atapita pale akiwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Mwite kwa jina lake, mpe chungwa, mwambie stakabadhi iko mfukoni mwako.

Sasa funga ukurasa huu, upange siku ya kwenda kwa daktari. Ukishatoka huko niandikie aliyokuambia, yote, hata yale ambayo hukupenda kuyasikia. Nitaisubiri barua hiyo.

Ni mimi, Bibi yako.